Mara Tatu ni Nyuma

“Waya sifungui, na wewe hufungui,” shemeji alisema. Alikuwa ameukalia, macho yamefungwa kitambaa, mikono imeung’ang’ania kama kamba ya mbuzi wa urithi.

“Basi kaa naye, mfe wawili,” fundi alijibu.

“Yeye ameshakufa.”

“Ndicho ninachokwambia tangu asubuhi.”

Fundi wa injini hakuwa mtu wa kubembeleza. Waya ule uliishia kwenye kifaru kilichozama mchangani hadi juu ya minyororo. Mume wa fundi, kaka yake shemeji, ndiye aliyekiendesha mpaka kilipoungua naye ndani. Mifupa ilizikwa, chuma kikabaki jangwani, na karakana ya jeshi ikawatuma wao wawili na gari la kuvutia la minyororo, zito kama kifaru chenyewe, wakakilete. Tufani ikawakuta ndio kwanza wamefunga waya, pua ya gari ikikielekea kifaru. Shemeji akalazimisha gia ya kwanza wasifukiwe. Meno yakavunjika ndani kwa ndani. Injini ikachemka. Akafungua mfuniko wa rejeta kabla haijapoa, mvuke ukamla macho. Redio ilijaa mchanga. Maji yalibaki nusu dumu.

“Tutembee,” fundi alisema.

“Kwa macho ya nani?”

“Yangu.”

“Hayo hata giaboksi hayakuiona ikifa.”

Jua lilizama, baridi ikashuka ghafla. Ndipo kifaru kilichokufa kikagonga. Ko. Ko. Ko.

Injini za magari haya zikinguruma, mtu hamsikii mwenzake. Fundi humwelekeza dereva kwa kugonga bati kwa spana. Mara moja, simama. Mara mbili, mbele. Mara tatu, nyuma.

“Umesikia?” shemeji alinong’ona. “Kaka anasema nyuma.”

Fundi alijua kwamba chuma kilichochomwa na jua kutwa hulia kikipoa. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe alijaribu gia za mbele tu, kisha akaikatia tamaa giaboksi nzima, ilhali gia ya nyuma ina meno yake peke yake. Meno hayo yangewabeba wao. Kifaru cha marehemu yasingekiweza.

“Kaka yako kasema,” akajibu. “Toka kwenye waya.”

Shemeji akatoka, fundi akaufungua.

Mafunda mawili ya maji kwake, mawili kwa fundi, mengine yote kwenye rejeta. Shemeji alishika mitaimbo ya kuongozea kwa mazoea. Fundi alisimama juu yake, mguu begani mwake kumwonyesha kushoto na kulia, mgongo kaupa kifaru. Akagonga mara tatu. Gia ikauma. Wakaenda nyumbani kinyumenyume.

Kila mshale wa joto ulipopanda walizima, wakangoja. Katika kimya kimoja hivi, matuta mengi tangu waondoke, saa ambayo chuma chochote kingekuwa kimeshapoa, sauti ilikuja kwa mbali. Ko. Ko. Ko.

Shemeji alikuwa amesinzia. Fundi hakugeuka. Alimwamsha kwa kidole cha mguu.

Kulipokucha waliingia lango la karakana, nyuma ikitangulia. Mkuu wa karakana alikuja mbio na maji.

“Kifaru kiko wapi? Haya, kesho nawapa gari jingine mkakilete.”

Shemeji aliinua uso wenye kitambaa, akasubiri.

“Huyu apelekwe hospitali,” fundi alisema. “Kile kimebaki na mwenyewe. Mimi sikifuati tena.”

Akainua spana, akagonga bati mara moja. Injini ikazimika.