Mrija Uliolowa

Mrija kwenye mtungi wa pombe ya mtama ulikuwa umelowa, na siku hiyo nyumbani hakuna aliyekunywa. Esteri aliufuta kwa kanga, akageuka. Sruuu! Mtu akavuta tena nyuma yake.

"Kaka Nestori, jikoni kuna nani?" alinong'ona.

"Acha uoga," Nestori akajibu, macho kwenye simu.

Angeyainuaje? Alikuwa kwenye mchezo wao wa WhatsApp, ambamo vijana wa Kasulu na Kibondo hujifanya raia wa himaya ya kubuni: huyu askari, yule mganga. Nestori aliutaka umwami, yaani ufalme wa himaya hiyo, jamani, aliutaka hadi usingizini. Alikaribisha wapya, alisuluhisha ugomvi, alilia hata kwenye misiba ya uongo, mradi wampende. Kisha akaingia mmoja asiye na picha, akijiita Mgeni, na punde nusu ya kundi ikawa nyuma yake. "Nipe dada yako Esteri, nikupe kiti cha mwami. Pombe ya posa ni hiyo ya jikoni kwenu, kunywa," aliandika jana. Si mchezo tu? Jana hiyohiyo Nestori akaenda jikoni, akanywa kweli pombe ya mama yake, akarekodi sauti ya mrija, akaituma kundini. Watu wakashangilia.

Mjinga yule! Muha gani hajui kwamba pombe ya posa ikinywewa mbele ya mashahidi, binti ameshatolewa kwa mume?

Jioni ya siku ile ya mrija uliolowa, Esteri alianza kunuka pombe iliyochacha, na kila mama yao alipomshika mkono alikuta mkono mwingine, wa baridi, umemtangulia, nao haukuachia hata waliposali rozari, hata walipoliita jina la Yesu, hata Esteri alipolia, "Mama, ananivuta, nimekosa nini mimi?"

Bibi Ndayikunda, mganga wa Kagerankanda aliyeitwa nyumbani, alisikia rekodi ya mrija, hakuhitaji kupiga ramli. "Ulinywa mbele yao, mjukuu wangu. Kataa mbele yao, hukohuko kundini. Sasa hivi!"

Nestori akaandika: Simtoi dada yangu. Kidole kikasita. Kundini kura za kumfanya mwami zilikuwa bado zinaingia.

"Tuma, mwanangu!" mama akamsihi, amemkumbatia Esteri.

"Dakika moja tu, mama. Wanamalizia kura."

Kilio kikakatika. Mikononi mwa mama ikabaki kanga tupu.

Simu ikatetemeka: Nestori ndiye mwami. Pongezi ya kwanza ilitoka kwa Esteri, ambaye hajawahi kumiliki simu.

"Hongera, kaka. Tumeshafika kwa mume wangu. Anauliza, mama naye utamtoa lini?"