Pawasaplai ya Inzoudine

Loutfia yuko hai mpaka leo, na anayebisha aende Moroni, mtaa wa Badjanani, akamuulize mwenyewe. Mimi nimesimuliwa na Bi Kaltoum, mwenye nyumba wake, na sijaona cha kumfanya bibi yule anidanganye.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Kisiwa cha Nzwani kilikuwa kimejitenga na Komoro, Moroni mji mkuu imekasirika, na vijana walipita mlango kwa mlango kuwaambia Wanzwani warudi kwao. Loutfia alizaliwa Mutsamudu, huko Nzwani, lakini ujana wake wote aliumalizia Moroni, akitengeneza kompyuta na kuchapa kadi za harusi katika chumba cha chini kwa Bi Kaltoum. Vijana walipofika pale, Bi Kaltoum aliwatokea na mchi mkononi, akawaambia nyumba ni yake na mpangaji ni wake. Waliondoka wakinung'unika.

Aliyekuwa mgumu kumwondoa ni jirani mmoja, Inzoudine, kwa kuwa yeye alikuja na upole. Kila siku alileta habari ya boti ya Jumamosi ya kwenda Nzwani: nafasi ipo, bahari shwari, kwa nini dada ajitese? Pawasaplai ya Loutfia ilipoungua, yaani lile sanduku la chuma linaloipa kompyuta umeme, Inzoudine ndiye aliyemletea nyingine kuukuu. Alikataa kupokea chochote.

Tangu hapo mashine ikaanza visa. Inawaka vizuri, Loutfia anaandika jina la bwana harusi, inazima. Anawasha tena, anafika jina lile lile, inazima. Mteja alitaka kadi zake Ijumaa, na bila kazi ile Loutfia hakuwa na cha kumweka Moroni. Ilimuuma kukiri, lakini nguo mbili alikwisha kuzikunja kwenye begi.

Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri alisema liwalo na liwe, akaketi kuitafuta hitilafu. Alichomeka taa kwenye soketi ya ukutani. Taa ikawaka bila kupepesa. Akabadilisha waya. Akatoa vyote vinavyokula umeme, kimoja kimoja. Mashine ikazima vile vile. Mwishowe akaitoa pawasaplai yenyewe na kuiweka mezani. Akachomoa pini ya nywele zake, ile aliyoizungushia uzi wa samawati asipigwe na shoti, akaunganisha nayo tundu la waya wa kijani na la waya mweusi. Ndivyo mafundi wanavyoidanganya pawasaplai iwake bila kompyuta. Feni ikazunguka. Akaweka mita kwenye waya wa njano: volti kumi na mbili, safi. Akaitwisha mzigo wa diski moja tu. Mshale ukashuka mpaka tisa.

"Nimekukamata," alisema. Akachomoa waya wa ukutani.

Feni haikusimama.

Loutfia hakushtuka. Umeme kidogo hubaki ndani, huisha baada ya muda. Akangoja. Feni iliendelea. Akanusa, akitazamia harufu ya kuungua. Ilikuwa harufu ya mwani.

Kisha sauti ikatoka kwenye matundu ya chuma. Ilikuwa ya mama yake, aliyezikwa Mutsamudu.

"Loutfia, mwanangu. Panda boti. Nyumba ya kaka yako iko wazi."

Machozi yalimtoka. Mkono tayari ulikuwa kwenye begi. Halafu akili ikamrudia, na hasira pamoja nayo. Kwao Nzwani nyumba ni ya binti. Mama hujinyima maisha yake yote amjengee binti yake, na mwanamume huenda kuishi kwa mkewe. Nyumba ile ilijengwa kwa ajili yake Loutfia, tofali kwa tofali. Hata homa ingempanda vipi, mama yake asingeiita ya kaka.

"Wewe si mama yangu," alisema. "Na mimi siondoki."

Feni ikasimama.

Hakuigusa ile pini, aliiacha humo humo tunduni. Aliibeba pawasaplai kwa kitambaa, akaiweka rafuni ikitazama ukuta. Akaazima nyingine kwenye kompyuta ya mjukuu wa Bi Kaltoum. Mashine haikuzima tena, na Ijumaa mteja alipata kadi zake.

Boti iliondoka Jumamosi. Jumapili asubuhi Inzoudine alipita na mkate, akamkuta Loutfia anafagia kizingiti. Mkate ukamdondoka.

"Nilikupandisha botini mwenyewe," alinong'ona. "Nilikushika mkono. Ulikuwa umelowa."

Loutfia alimwacha amesimama. Alipanda juu kwenye simu ya Bi Kaltoum, akapiga mpaka akampata mdogo wake, Mounia, Mutsamudu.

"Mimi Loutfia."

 Mounia akasema polepole, "Loutfia yuko chumbani. Alifika na boti. Amelala tangu jana, hataki kula."

Loutfia akaikaza simu sikioni. 

"Mounia, nisikilize. Nenda kamuulize hiyo nyumba ni ya nani."

Nyayo zilikwenda. Mlango ukalia. Kisha, kwa mbali, Loutfia akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu.

"Ya kaka."

"Mounia!" Sasa alipaza sauti. "Mwambie mwenye nyumba ni mimi. Mwambie nimesema atoke."

Alimsikia Mounia akiyarudia maneno yale, akilia, lakini akiyasema yote. Kitu kikaanguka. 

Mounia aliporudi alikuwa akihema. Kitanda kilikuwa kitupu, godoro limelowa maji ya bahari. Juu ya mto palikuwa na pini ya nywele.

"Ina uzi?" Loutfia aliuliza.

"Ina uzi wa samawati, dada."

Loutfia alikata simu, akashuka. Pawasaplai ilikuwa rafuni, sasa imegeuka kumtazama. Tundu la waya wa kijani na la waya mweusi yalikuwa matupu, pini haimo. Chini yake ubao ulikuwa umelowa maji yenye harufu ya mwani, na tone jingine lilikuwa linaning'inia kwenye matundu ya chuma.