Handaki la Fundi Baridi

Majirani zangu, sogezeni viti. Mkiona nimetia chumvi mahali, lambeni tu, chumvi haijawahi kuvunja nyumba ya mtu. Kilichovunja nyumba ninayotaka kuwasimulia ni kitu kingine.

Katika nyumba inayotazamana na yangu waliishi mume na mke ambao ukiwaona asubuhi ungetamani kuoa tena, hata kama umeshaoa vya kutosha. Mume alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima tulimwita Fundi Baridi. Mkewe alichonga lenzi katika duka la miwani mjini, na yeye mwenyewe bila miwani hatofautishi mtu na mlango. Kila asubuhi, kabla hajaondoka, mumewe alimvua miwani pale kizingitini, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la shati lake, akamvisha tena taratibu kama anayemvisha taji.

"Haya, unaniona sasa?"

"Nakuona. Na mswaki hujapiga."

Wanacheka, mke anakwenda kazini. Mimi niko barazani na kikombe changu cha chai, natazama bure sinema ambayo wengine hulipia.

Asubuhi moja simu ya mke ililia miwani ikiwa bado mikononi mwa mume. Akaisogeza simu karibu na pua, akasoma, akapiga kelele ya furaha.

"Nani huyo?" akauliza Fundi.

"Meneja! Kanipendekeza niwe mkuu wa tawi jipya. Wenye kampuni watanifanyia usaili kwa video. Mume wangu, hii nafasi nimeisubiri tangu nafagia vumbi la lenzi!"

"Meneja," akasema Fundi. "Hongera." Akampa miwani mkononi. Hakumvisha.

Ndivyo unavyoingia, jamani. Wivu haubishi hodi mlango wa mbele. Huingia kama mchwa, na wewe unaendelea kupaka rangi mlango ambao ndani umeshaliwa.

Siku chache baadaye Fundi alikuja barazani kwangu. Mimi kabla ya kustaafu nilikuwa nikivuta nyaya za simu. Nimewahi kuvuta waya mrefu hivi kwamba ndege aliyetua mwanzo wake akiwa kifaranga alifika mwisho wake akiwa na wajukuu. Kwa hiyo vijana wakiwa na swali la mitandao huja kwangu, na ninachokosa kukijua hukisoma mwenyewe mpaka kinajuta.

"Mzee, simu ya mtu inaweza kuchungwa?"

"Kinachochungwa ni mbuzi."

"Nauliza kwa wema. Kazini kwao wanatumia intaneti ya duka, na wezi wa mitandaoni wamejaa."

Alikuwa ameshagundua kitu kiitwacho VPN. Kwa asiyejua, ni kama handaki. Badala ya mambo ya simu yako kupita barabarani kila mtu akichungulia, yanapita chini kwa chini mpaka kwenye kompyuta moja iitwayo seva, ndipo yanatokea duniani. Wengi hununua nafasi katika handaki la kampuni. Fundi yeye alitaka handaki lake mwenyewe. Alikodi seva huko mbali, akapata skripti ya bure, yaani maagizo yaliyokwisha andikwa ambayo hujiendesha yenyewe. Unabandika mstari mmoja, skripti inachimba handaki lote, kazi yako ni kujibu maswali yake.

"Inauliza, najibu ndiyo. Inauliza tena, ndiyo," alinisimulia kwa majivuno. "Kabla chai haijapoa, seva imesimama!"

"Ulisoma ilichokuwa inauliza?"

"Ndiyo utamu wake, Mzee. Husomi!"

Nikamwambia mara ya mwisho mwanamume kujibu ndiyo nyingi hivyo kwa mpigo ni siku ya ndoa yake, na hata siku hiyo maswali huwa hakuyasikiliza. Akacheka. Hakuchukua neno hata moja.

Skripti ilimtolea mafaili mawili. Moja aliliita Mimi, la pili akaliita Mke. Kila faili ni ufunguo wa handaki, na sheria yake ni nyepesi: ufunguo mmoja, simu moja. Akaliweka la Mke kwenye simu ya mkewe.

"Hii itakulinda," akamwambia. "Usiizime kamwe."

"Asante, mume wangu. Unanifikiria."

Kuna jambo hakumwambia. Alikuwa ametafuta skripti nyingine, ya kuandika kila dakika ufunguo wa Mke unaingia handakini kutokea intaneti ya nani. Kila intaneti ina namba yake. Ya nyumbani aliijua, ya dukani akaijua. Nyingine yoyote itakayojitokeza, alijiambia, hiyo ndiyo ya mwizi wake. Mlinzi aliyemwekea mkewe alikuwa askari wa kumpeleleza.

Sasa kulikuwa na Kinyozi, rafiki yake wa tangu utotoni, mwenye saluni karibu na stendi. Fundi hakuweza kuwa na handaki bila kujisifu nalo, na Kinyozi naye alikuwa na kiu ya mechi ambazo hazionyeshwi kwetu.

"Kaka, nitengenezee na mimi."

Ilimpasa Fundi aiamshe tena skripti impe ufunguo wa tatu. Lakini mteja alikuwa anapiga simu, nyama inaoza frijini. Fundi akafungua simu yake, akaliona faili limelala palepale, akamrushia Kinyozi bila kutazama jina. Akakimbilia nyama, akasahau.

Liwekeni hilo mfukoni. Tutalihitaji.

Haukupita muda, askari akaanza kuleta habari. Ufunguo wa Mke uko dukani. Ufunguo wa Mke uko kwenye namba isiyojulikana. Umerudi dukani. Umekwenda tena. Fundi akaacha friji za watu, akawa anatazama kompyuta kama mgonjwa anayetazama dripu yake.

"Anatoka kazini, Mzee! Anakwenda kwa mtu, anarudi, anakwenda!"

"Ndani ya dakika moja? Kwa mwendo huo mkeo hana hawara, ana ndege."

Hakucheka. Mwenye wivu, majirani, haulizi kitu kinawezekanaje. Huuliza ni nani.

Na huyo nani akampata. Alikwenda saluni kutengeneza friji ya soda ya Kinyozi, akajiunga na intaneti ya pale, akatazama ufunguo wake mwenyewe unaingilia wapi. Ilikuwa ile ile namba isiyojulikana. Bisibisi ikamdondoka.

"Vipi kaka, umepigwa na umeme?" Kinyozi akauliza.

"Nimepigwa."

Hapo kila kitu kilimjia kwa sura mpya. Manukato ya Kinyozi. Siku ile aliposema "shemeji ana nywele nzuri." Hata soda aliyopewa aliiona ya kumpumbaza. Faili alilomrushia kwa mkono wake halikumjia hata kidogo.

Siku ya usaili ikafika. Mke alivaa gauni lake jipya, akajifungia chumba cha nyuma cha duka. Jioni alirudi macho yamevimba.

"Mtandao ulinisaliti. Nikianza kueleza, picha inaganda. Wakirudi, wakiuliza tena, inaganda. Mwisho wakaniaga kwa adabu. Wamempa mwingine."

Fundi alikuwa ameshinda mbele ya kompyuta akiona ufunguo unarukaruka kati ya duka na saluni mchana kutwa. Akasema, "Pole." Pole hiyo ungeiweka juu ya samaki, wasingeharibika wiki nzima.

Jumapili yake akaitisha kikao. Alimwita shangazi wa mke, mama aliyemlea, mwenye ulimi wa kukata kabati. Nami nikaitwa niwe shahidi. Fundi akafungua kompyuta mezani.

"Shangazi, nimevumilia. Mtoto wako ananidanganya. Anaaga anakwenda kazini, kumbe yuko kwa Kinyozi. Hata hiyo siku aliyosema ana usaili, alikuwa huko. Ushahidi huu hapa."

Shangazi akavaa miwani yake, akatazama. "Mkwe wangu, umeniondoa kwangu nije kusoma namba?"

"Hizo namba hazisemi uongo!"

"Sina shida nazo. Ninayemtilia shaka ni msomaji wake."

Mke hakulia, wala hakuapa. Alimtazama mumewe kama mtu anayetafuta ufa kwenye lenzi.

"Kumbe ndicho ulichoniwekea."

Akatoa simu yake, akaibonyeza mpaka kioo kikawa cheusi, akaiweka mapajani mwa shangazi yake.

"Nimezima. Haya, niambie niko wapi."

Fundi akageukia kompyuta. Tukasubiri. Mstari mpya ukajiandika: ufunguo wa Mke, umeingia sasa hivi, kutokea saluni.

"Basi huyu niliyeketi naye ni jini," akasema Shangazi. "Mpigie huyo Kinyozi. Weka sauti ya juu."

Fundi akapiga.

"Uko wapi?"

"Niko saluni kaka, naangalia mpira kwa ile kitu yako! Ila inakatikakatika mno siku za kazi. Na hapa juu imeandikwa Mke. Nikasema labda ndilo jina la kampuni."

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka meno ya chini yakataka kunihama. Halafu nikamwona mke, kicheko kikanikauka.

Alikuwa amesogea kwenye kompyuta. "Nirudishie siku ya usaili."

"Mke wangu, tuyaache, nimekosea—"

"Rudisha."

Akarudisha. Duka, saluni. Duka, saluni. Simu mbili zikinyang'anyana ufunguo mmoja, hii ikiingia, ile inasukumwa nje. Mke akaweka kidole kwenye kioo, akashuka nacho pole pole.

"Hapa ndipo waliponiuliza kwa nini nataka kazi hii. Hapa nikaganda. Hapa nikaanza upya. Nikaganda. Hapa mmoja wao alikuwa ananicheka. Na hapa wakaniaga." Akakiondoa kidole. "Nimekuwa nikiulaumu mtandao wa duka. Kumbe ulikuwa wewe."

Akavua miwani kwa sababu ilikuwa imelowa. Fundi alisimama haraka, pindo la shati tayari mkononi, akanyoosha mkono kuipokea kama zile asubuhi zote. Mke hakumpa. Aliifuta kwa gauni lake mwenyewe, lenzi moja, kisha ya pili, akaivaa, akamtazama.

"Sasa nakuona," akasema.

Akachukua begi, akaondoka na shangazi yake. Siku hizi anachonga lenzi mji mwingine, nasikia anazichonga vizuri kuliko mwanzo. Kinyozi alipewa ufunguo wake, mechi hazikatiki tena.

Seva ya Fundi bado ipo. Juzi nilipita kwake nikaona kwenye kioo cha kompyuta jina la Mke, na mbele yake maneno: haijaunganishwa.

"Si ulifute hilo?" nikamwuliza.

"Nimejaribu, Mzee. Skripti inauliza kama nina uhakika."

Yeye aliyejibu ndiyo kwa kila swali bila kusoma, hilo moja amelisoma, na kulijibu hawezi.

FUNZO

Majirani zangu, handaki halina kosa, na ukitaka kulichimba, chimba. Ni jambo jema kuilinda nyumba yako dhidi ya wezi. Lakini ukimwekea mwenzako kitu simuni, mwambie kinafanya nini, chote, hata kile cha aibu. Ukiona huwezi kukisema mbele yake, ujue hicho si ulinzi. Mashine ikikuuliza swali, soma kabla hujasema ndiyo, na kila mtu mpe ufunguo wake, kwani ufunguo wa wawili hufungia mmoja nje.

Na ukihisi mwenzi wako anakusaliti, muulize kwa mdomo wako, ungali na mdomo na yeye angali mezani. Fundi Baridi alitafuta mwizi kila kona ya mji. Angeitazama kompyuta ile ikiwa imezimwa, angemwona kwenye kioo.