Msiba wa Uongo wa Bwana Dadi

Kila Jumamosi Happiness aliosha vyombo, akateka maji, kisha akampelekea mama yake chai kwenye kiwanda kidogo cha viungo cha Bwana Dadi, kule Kihonda. Jumamosi hii hakubeba chai. Alibeba pilipili ya unga ndani ya kipande cha gazeti, na alikusudia kummwagia Bwana Dadi machoni.

Sababu alikuwa nayo. Wiki iliyopita mashine ya kusagia ilimkata mama yake, Magreth, vidole viwili. Hospitalini, Bwana Dadi alipoulizwa huyu ni nani, alijibu kuwa ni mgeni tu, alikuja kusalimia akagusa asichokijua. Mtu aliyemsagia mdalasini miaka yote hiyo ghafla akawa mgeni! Magreth hakuwa na mkataba, wala hakusajiliwa kwenye mfuko wa fidia. Sasa kidonda kilikuwa kinatunga usaha, dawa zimekwisha, na Bwana Dadi hapokei simu. Happiness alilala na hasira, akaamka nayo.

Alipoingia uani alipigwa na butwaa. Mashine zilifunikwa turubai. Wafanyakazi wote walikaa kwenye mikeka, khanga vichwani, na Bwana Dadi alijiinamia kitini. Shadya, aliyekuwa akifanya kazi na mama yake, alimvuta na kumnong'oneza kwamba afisa kazi yuko njiani kukagua. Tajiri ameamuru wote wajifanye si wafanyakazi bali wamekuja msibani, na atakayefumbua mdomo asirudi kazini Jumatatu.

Ubaya wa msiba ni kwamba watu huja. Majirani walipoona mikeka walileta unga na kuni, na mzee mmoja alikuwa tayari anauliza kaburi linachimbwa wapi.

Afisa kazi, Bi Neema, alifika, akavua viatu, akaketi mkekani na kutoa pole. Kisha akauliza taratibu, "Marehemu ni nani?"

Bwana Dadi alikuwa ameandaa kila kitu isipokuwa maiti. Alibabaika, akamtaja shangazi yake. Jirani mmoja akashangaa, maana shangazi huyo alikuwa amesalimiana naye sokoni asubuhi hiyo hiyo.

Happiness aliishika pilipili. Macho ya Bwana Dadi yalikuwa hatua chache tu, yamemtoka kwa hofu. Hapo akaona kuna kitu kitakachomchoma zaidi. Akairudisha mfukoni.

"Shikamoo, mama," alimwambia afisa. "Hapa hajafa mtu. Vilivyokufa ni vidole viwili vya mama yangu, na mashine iliyovikata iko chini ya turubai lile."

Shadya akavua khanga kichwani. "Mtoto anasema kweli. Sisi sote ni wafanyakazi hapa."

Majirani waliokota unga wao na kuni zao, wakamwambia Bwana Dadi maneno yasiyoandikika hapa. Bi Neema alimweleza kuwa, karatasi iwepo isiwepo, aliyekufanyia kazi ni mfanyakazi wako. Angewasajili watu wake na kuwachangia, mfuko ungebeba mzigo huu. Sasa matibabu, fidia na faini vitatoka mfukoni mwake, na mashine hazitawashwa mpaka ziwekewe kinga na kila mtu apate mkataba. Bwana Dadi alilowa jasho. Happiness hakumwonea huruma hata chembe. Siku chache baadaye mtaa mzima ulikuwa unamwita Marehemu.

Jioni ya Jumamosi ile Magreth, mkono ukiwa na bandeji mpya ya hospitali, alimsikiliza binti yake mpaka mwisho. Kisha akaomba ile pilipili.

"Ungemmwagia, mwanangu, wewe ungepelekwa polisi, na yeye angepewa pole ya kweli," alisema. "Lakini hata mimi nilikosea. Nilikubali kufichwa kwa sababu nilifurahia mshahara usio na makato. Anayekuficha siku ya kazi atakukana siku ya jeraha. Usisahau hilo ukianza kazi, na usilisahau ukiajiri."

Kisha, kwa mkono uliobaki mzima, akaitia pilipili kwenye maharage.