Siku Mama Vifungo Alipopima Maumivu

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Mama Vifungo alifanya mambo matatu. Alitia tone la mafuta kwenye cherehani. Alipitisha uzi kwenye tundu la sindano. Kisha aliweka miguu yote miwili juu ya pedali na kuanza kukanyaga.

Hapo ukuta uligongwa mara tatu kutoka chumba cha pili.

"Wewe mwanamke! Chuma hicho kitanyamaza lini? Wengine tumechelewa kulala."

Alikuwa wifi yake. Wifi huyu alikuwa akiosha vyombo hotelini, zamu ya jioni. Alirudi nyumbani amechoka, vidole vimekunjamana kwa maji. Alitaka kulala mpaka jua lipande.

"Amka, wifi," Mama Vifungo alijibu. "Ukilala sana utaota mizizi."

"Heri mizizi kuliko kelele zako."

Walikuwa wakiishi wawili tu katika nyumba ile ya vyumba viwili. Mume wa Mama Vifungo alifariki miaka minne iliyopita. Yeye ndiye aliyekuwa kaka wa wifi. Baada ya mazishi watu walidhani wifi atahama. Hakuhama. Alibaki, akaendelea kugonga ukuta.

Alhamisi moja Mama Vifungo alitia mafuta. Alipitisha uzi. Akaweka miguu juu ya pedali, akakanyaga mara moja.

Akaacha.

Magoti yaliuma kama yamepigwa nyundo. Maumivu yalipanda mapajani, yakaingia kwenye nyonga, yakatua kiunoni. Hata vifundo vya miguu viliuma. Alijaribu tena. Gurudumu lilizunguka nusu, likasimama.

Mama Vifungo alikuwa na saratani ya titi. Alikuwa akitibiwa kwa kemo, yaani dawa kali za saratani zinazotiwa mwilini kwa dripu. Aliandikiwa dozi nane. Dozi nne za kwanza zilimletea kichefuchefu na kumpukutisha nywele. Alizizoea. Dozi ya tano ilikuwa ya dawa mpya. Aliipata Jumatatu, na Jumanne akachomwa sindano ya kuongeza chembe nyeupe za damu. Jumatano mwili ulianza kuuma. Leo Alhamisi hakuweza kukanyaga pedali.

Alikaa mbele ya cherehani, mikono mapajani. Alimkumbuka mama mmoja aliyekaa kiti cha pembeni yake hospitalini. Mama yule alimwambia, "Ugonjwa wangu umeshaingia mifupani." Hakumwona tena tangu siku ile.

"Na wangu umeingia mifupani," Mama Vifungo alijiambia moyoni. "Kama umefika huko, dripu za nini tena?"

Akaamua kimyakimya kwamba hatarudi kwa dozi ya sita. Na hatamwambia mtu. Aliona akilisema jambo lile, litakuwa kweli.

Saa moja ilipofika wifi alisimama mlangoni, kitambaa kichwani, macho mekundu.

"Leo cherehani imefunga?"

"Uzi umekatika."

"Uzi tangu asubuhi? Umekatika vipande mia?"

Wifi alimtazama Mama Vifungo akiinuka. Alimwona akishika meza, kisha kiti, kisha ukuta.

"Mficha maradhi..." wifi alianza. Akakumbuka methali ile inavyoishia. Akameza maneno yaliyobaki.

Aliondoka, akarudi na karatasi ndogo yenye vidonge.

"Hivi ndivyo ninavyomeza magoti yangu yakivimba. Meza viwili. Ni vikali, lakini vinafanya kazi."

Mama Vifungo alimeza. Jioni akameza vingine. Ijumaa tena. Maumivu yalipungua kidogo, lakini tumbo likaanza kumchoma. Na cherehani ilibaki kimya.

Jumamosi mchana mtu alipiga hodi. Alikuwa muuguzi kijana wa kitengo cha saratani. Wagonjwa wote walimwita Sista. Aliishi mtaa wa tatu, na kabla ya dozi ya tano alikuwa ameleta gauni lake la kazi lipunguzwe kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Unaendeleaje na dawa?"

"Salama tu."

"Nashukuru. Nimefuata gauni langu."

Mama Vifungo aligeuza uso. Gauni lilikuwa juu ya meza, limebanwa kwa pini, bado halijashonwa.

"Njoo kesho," alisema.

Sista alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mama, mafundi wote duniani husema njoo kesho. Wewe ndiye fundi pekee ninayemjua asiyesema hivyo. Watu wanapita mafundi sita ili wafike kwako." Alivuta kigoda, akaketi. "Unajisikiaje?"

"Vizuri tu."

"Hiyo ni salamu. Umenijibu kama tumekutana njiani. Sasa nakuuliza kama muuguzi. Unajisikiaje?"

Mama Vifungo aliokota kifungo mezani, akakigeuzageuza.

"Anakudanganya," wifi alisema kutoka mlangoni. "Siku ya tatu hii anakwenda chooni akishika ukuta. Mimi nikiuliza, uzi umekatika."

Sista alitazama meza, akachukua futi ya kupimia nguo. Aliinyoosha juu ya gauni.

"Mama, wewe unapima viuno vya watu kila siku. Leo pima maumivu. Hapa kwenye sifuri, hakuna maumivu. Hapa kwenye kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Weka kidole."

Mama Vifungo aliweka kidole kwenye tatu.

Wifi alikohoa.

Kidole kilisogea polepole. Kilipita nne, kikapita sita. Kikasimama kwenye nane.

"Ahsante," Sista alisema kwa upole. "Yalianza lini?"

"Jumatano."

"Siku mbili baada ya dripu. Upande mmoja au pande zote?"

"Pande zote. Magoti, nyonga, kiuno." Alikirudisha kifungo mezani. "Sista, ugonjwa umeingia mifupani, si ndiyo?"

Wifi alishika fremu ya mlango.

"Hilo ndilo lililokuwa moyoni?" Sista aliuliza.

"Ndilo. Nilikuwa nimeamua nisirudi tena."

"Usirudi wapi?" wifi aliuliza.

Sista alisogeza kigoda karibu. "Mama, siwezi kukuahidi kitu ambacho daktari hajakipima. Lakini nisikilize. Dawa hii mpya mara nyingi huleta maumivu ya viungo na misuli. Huanza siku moja mpaka tatu baada ya dripu. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki. Tena ulichomwa ile sindano ya chembe nyeupe. Chembe hizo hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Sindano inauamsha uboho ufanye kazi haraka. Mfupa ukifanya kazi nyingi, huuma. Maumivu yako yanafanana na hayo."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikupa karatasi. Lakini siku ile tulikueleza mambo kumi kwa mara moja. Tulipaswa kukuuliza umeelewa nini. Karatasi iko wapi?"

Mama Vifungo alifungua mtoto wa meza. Alitoa karatasi iliyokatwa umbo la mfuko wa shati.

"Ilikuwa ngumu, nzuri kwa kukatia mtindo," alisema kwa aibu.

Wifi aliangua kicheko. Sista naye alicheka. Mama Vifungo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Umemeza dawa gani?" Sista aliuliza.

Kicheko cha wifi kilikatika. Alileta ile karatasi ya vidonge. Sista alisoma jina, akatikisa kichwa.

"Dada, hivi vinakufaa wewe. Mtu aliye kwenye kemo damu yake inaweza kuwa dhaifu. Vidonge vya aina hii vinaweza kumletea kutokwa na damu, au kuumiza tumbo na figo."

"Tumbo linanichoma," Mama Vifungo alisema.

"Umeona choo cheusi, au damu?"

"Hapana."

"Vema. Lakini usimeze tena. Na kuna hatari nyingine. Dawa za maumivu zinaweza kuficha homa. Kwa mtu wa kemo, homa ni kengele ya hatari."

Wifi alikaa chini sakafuni. "Nilitaka kumsaidia," alisema.

"Najua, dada. Ndiyo maana tunakuhitaji ujue."

Sista alitoa kipimajoto mkobani. Homa haikuwapo. Alimpigia simu daktari wa zamu, akamweleza kila kitu, hata namba nane. Daktari alitaja dawa ya maumivu inayomfaa Mama Vifungo na saa za kuimeza. Akasema aje Jumatatu apimwe damu na kukaguliwa, na kama tumbo litazidi au damu itaonekana, aje papo hapo.

"Usingoje maumivu yafike nane ndipo umeze," Sista alieleza. "Moto mdogo huzimwa kwa kikombe. Meza kwa saa ulizoandikiwa, wala usizidishe. Lakini kabla ya kumeza, pima joto kwanza; nakuachia kipimajoto hiki. Likifika digrii thelathini na nane, usilale nalo. Njoo hospitali hata kama ni alfajiri."

"Na kumkanda?" wifi aliuliza. "Nimkande kwa maji ya moto?"

"Ya uvuguvugu. Dawa hii inaweza kutia ganzi miguuni, akaungua bila kujua. Jaribu kitambaa kwa kiwiko chako kwanza. Na msisugue kwa nguvu."

"Nilale tu?" Mama Vifungo aliuliza.

"Pumzika, lakini usigande. Tembea kidogo ndani ya nyumba, kisha mpaka kona na kurudi. Ukichoka, kaa. Kila siku andika namba yako, na mahali panapouma." Alisimama, akasita. "Na mkiona mguu mmoja umevimba, au mgongo umeuma ghafla na miguu imeishiwa nguvu, au mkojo umegoma, hayo si ya kungoja. Njooni siku ileile."

Alielekea mlangoni.

"Gauni lako," Mama Vifungo alisema.

"Nitakuja kesho," Sista alijibu. "Leo mimi ndiye niliyesema kesho."

Jumatatu walikwenda wote wawili. Wifi aliomba ruhusa kazini. Daktari alibonyeza magoti, nyonga na uti wa mgongo. Alisoma namba zilizoandikwa nyuma ya bahasha ya vifungo: nane, tano, tatu.

"Yanashuka," alisema. "Na yanashuka kama maumivu ya dawa yanavyoshuka. Yangebaki palepale, au yangezidi, ningepiga picha ya mifupa. Bado nitaendelea kuangalia. Nawe uendelee kuniambia."

Damu ilikuwa nzuri. Dozi ya sita ilibaki siku yake ileile.

Safari hii walijiandaa. Mama Vifungo aliwaambia wateja kwamba wiki ya dripu hapokei nguo mpya. Wengine walinuna kidogo, wakazoea. Wifi alinunua kipimajoto chao wenyewe, akakitundika kwa uzi ukutani. Maumivu yalipoanza, dawa ilikuwa tayari. Alasiri moja kabla ya zamu ya wifi, walitembea mpaka kona, wameshikana mikono.

"Watu watadhani nimekamata mwizi," wifi alisema.

"Mwizi gani anatembea hivi? Ningekamatwa mlangoni."

Siku ya nne kulikuwa na shati la haraka, lililopokelewa kabla ya dripu. Wifi aliketi upande, akakanyaga pedali, Mama Vifungo akaongoza kitambaa. Wifi alikanyaga kama anaua mende. Mkono wa shati ukashonwa kwenye mfuko.

"Wewe rudi kwenye sahani zako," Mama Vifungo alisema, machozi ya kicheko yakimtoka.

Maumivu hayakuisha. Lakini safari hii hayakupita tano. Siku ya saba yalishuka hadi mbili.

Siku ya nane, saa kumi na mbili na nusu, Mama Vifungo alitia tone la mafuta. Alipitisha uzi. Aliweka miguu juu ya pedali, akakanyaga polepole. Gurudumu lilizunguka. Cherehani ikaanza kuimba.

Alisubiri ukuta ugongwe.

Haukugongwa. Alishona pindo lote la gauni la mteja, ukuta bado kimya. Mlango ulifunguliwa. Wifi aliingia na kitambaa chake kichwani, akaketi kwenye kigoda.

"Najua," Mama Vifungo alisema. "Nimekuamsha. Ngoja nimalize hili tu."

"Usiache."

Mama Vifungo alimtazama. "Miaka minne unanigongea ukuta."

Wifi aliokota kipande cha uzi sakafuni, akakizungusha kidoleni.

"Kaka alipokufa, nyumba hii ilinyamaza," alisema. "Nililala nikitazama ukuta, nikisema sasa sina mtu. Asubuhi ya tatu ukaanza kushona. Nikagonga. Ukanijibu." Aliukaza uzi kidoleni. "Mimi sikuwa nikitaka uache, wifi. Nilikuwa nikitaka unijibu. Cherehani iliponyamaza Alhamisi ile, niliogopa kugonga. Nipende nisipende kelele zako, mimi nakutaka wewe uwepo."

Mama Vifungo aliondoa miguu kwenye pedali. Alinyoosha mkono, akagonga meza mara tatu.

"Nipo," alisema.