Mahali pa Jina la Mwimbaji

Kiarie alimwita mkewe mara moja tu, akajibiwa mara mbili.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua likiwaka juu ya mabati ya mtaa wa Kihoto, naye alikuwa amejinyoosha kwa kochi sebuleni. "Mugure!" aliita. Alitaka chai. "Eeh, nakuja!" mkewe akajibu kutoka nje, alikokuwa akianika nguo. Na papo hapo, kutoka chumba kidogo cha kando alimoweka kompyuta yake, sauti hiyo hiyo ilijibu, polepole zaidi, kama mtu anayejaribu nguo ya mwenzake:

"Eeh. Nakuja."

Kiarie aliinuka akaenda kuangalia. Chumba kilikuwa kitupu. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Kitu pekee alichokuta ni harufu, ile ya matope ya ziwa na magugu yaliyooza, naye akajiambia ni ya kawaida, kwa sababu tangu maji ya Ziwa Naivasha yaanze kupanda, mtaa mzima ulinuka hivyo.

Kiarie hakuwa mtu wa pombe wala wa mpira. Wiki nzima alikuwa fundi wa vyumba vya baridi kwenye shamba la maua. Akitoka hapo, raha yake ilikuwa nyimbo. Alizikusanya tangu ujana, na miaka ya karibuni alikuwa akiziingiza moja moja kwenye kompyuta. Kuziingiza hakukuwa na ugumu. Kazi ilikuwa kuzipa maelezo. Maana kila wimbo ndani ya kompyuta hubeba lebo yake: jina la wimbo, jina la mwimbaji, albamu, mwaka, hata picha ya jalada. Watu wengi hawajali, simu zao zimejaa nyimbo za "msanii asiyejulikana". Kiarie aliona hiyo ni kama kuzika mtu bila msalaba. Angewapigia simu wazee wa Njoro na Molo kuuliza ni nani aliyepiga gitaa fulani, na nafasi moja ikibaki tupu, ilimkosesha raha.

Ndipo Omolo, fundi wa redio kule Kamere, akampa kaseti moja bure. Ilitoka kwenye nyumba iliyoachwa maji yalipoingia. Haikuwa na karatasi wala maandishi. Kiarie aliikausha vizuri, akaicheza. Mwanamke alikuwa akiimba peke yake, bila gitaa, bila ngoma, kwa lugha ambayo Kiarie hakuitambua, na nyuma yake maji yalisikika yakigonga ukuta taratibu. Ilikuwa sauti nzuri. Ilifanana kidogo na ya Mugure, ambaye ndiye aliyeanzisha nyimbo kwenye kwaya ya kanisa lao.

Aliuliza kila aliyemjua. Hakuna aliyejua mwimbaji. Nafasi ile ilibaki tupu, ikimwasha kama upele, mpaka jioni moja, kwa mzaha na kwa mapenzi pia, akaandika hapo jina la mkewe. Akatabasamu, akaenda kula.

Kesho yake ndiyo ile Jumamosi aliyojibiwa mara mbili.

Jumapili Mugure alisimama mbele ya kwaya, akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka ila pumzi. Watu walidhani ni baridi. Akanywa tangawizi na limau. Kufikia katikati ya wiki alikuwa akinong'ona tu. Daktari alimmulika kooni, akatikisa kichwa. "Mama, koo yako iko sawa kabisa," alisema. "Sioni kitu."

Wiki hiyo hiyo Kiarie alifungua maktaba yake, akakuta nyimbo kadhaa zimebadilika. Wimbo wa benga alioujua tangu utotoni, mahali pa mwimbaji paliandikwa Mugure. Wimbo wa Kikalenjin aliopewa na jirani yake Kipsang, Mugure. Alirekebisha. Akahifadhi. Akazima, akawasha, na sasa zilikuwa nyingi zaidi. Alipogusa ile benga, gitaa halikulia. Alikuwa yule mwanamke, na maji nyuma yake.

Kisha akaziona picha. Majalada yote aliyokuwa ameyatafuta kwa bidii yalikuwa yamegeuka kuwa picha moja, nyeusi karibu yote. Siku ya kwanza hakuona kitu ndani yake. Siku ya pili aliona ni maji, na mlango. Siku ya tatu aliutambua mlango: ulikuwa wa jikoni mwake, na kizingiti chake kilikuwa kimelowa. Na siku iliyofuata, alfajiri, alipofungua kompyuta kabla ya kwenda kazini, picha ilikuwa ya kitanda chao, ya Mugure akiwa amelala ubavu, blanketi lile lile la bluu alilotoka kumwacha nalo dakika hiyo, na kando ya kitanda, mahali ambapo Kiarie mwenyewe alikuwa amesimama akivaa viatu, palikuwa na mwanamke wa kimo cha mkewe, nywele zikichuruzika maji, ameinama akimtazama mkewe kinywani.

Alikimbia chumbani. Mugure alikuwa peke yake. Lakini sakafu ilikuwa na maji.

Hakumwambia. Alifuta ule wimbo, akairusha kaseti shimoni mwa choo. Jioni wimbo ulikuwa umerudi mahali pake, na sasa maktaba nzima, wimbo hadi wimbo, ilikuwa ya Mugure.

Kilichomvunja ni simu ya binti yao. Kui aliishi Nakuru na mumewe Karanja, na alikuwa na mimba kubwa ya mtoto wa pili, ambaye hospitali ilisema ni msichana.

"Baba, nimeshukuru Mungu sana," Kui alisema. "Nilikuwa nimeshtuka vile mliniambia mum amepoteza sauti. Kumbe ameshapona!"

"Nani amekuambia amepona?"

"Si tumeongea leo lisaa lizima. Ameniambia nije huko kwenu nizalie huko, ananingoja. Ameniuliza hata kama tutampatia mtoto jina lake. Nikamwambia mum, hiyo ni lazima, si huyu ni msichana wa pili? Wa kwanza aliitwa jina la mama ya Karanja, huyu ni wako. Baba, alicheka! Alicheka hadi..." Kui alisita. "Alicheka sana, kusema ukweli."

Kiarie aligeuka. Mugure alikuwa mezani akichambua mchele, midomo imekauka. Hakuwa ameshika simu tangu asubuhi.

"Kui, nisikize," Kiarie alisema kwa sauti ya chini. "Usikuje. Mtu akikupigia akisema ni mamako, usishike. Usiulize. Nitakueleza."

Jioni hiyo alienda Kamere. Omolo alipomwona alivyokonda, aliweka chini chuma cha kuchomelea.

"Omolo, ile kaseti. Mwenyewe alikuwa nani?"

"Ni mzee mmoja alikuwa anaishi huko chini kwenu. Nilidhani ni story za wazee tu, boss, ndiyo maana sikukuambia." Omolo alipangusa mikono kwenye suruali. "Maji ilipofika kwa ploti yake, akaanza kusikia mama anaimba nje ya dirisha. Akarekodi, ndiyo watu wasiseme ni wazimu. Alisema huyo mama akimaliza kuimba, anaomba jina. Kila siku, anaomba jina. Huyo mzee alikataa. Akahama, akaacha vitu zote." Akamtazama Kiarie. "Wewe hukumpatia, ama?"

Kiarie alikuwa tayari amegeuka kurudi nyumbani.

Alimweleza Mugure yote jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Mugure alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanong'ona kwa shida, neno kwa neno, "Hilo jina ni la cucu, nyanya yangu. Ulilipatia kitu hukijui?" Na Kiarie, mtu mzima, akalia mbele yake.

Mhubiri wao aliombea nyumba, akaondoka, na harufu ikabaki. Basi wakamwita Hiram, mzee wa kanisa la Akorino kutoka upande wa Longonot, mwenye kilemba cheupe na ngoma ndogo aliyoibeba kwapani, ambaye watu walisema amewahi kutoa majini kwenye nyumba za kandokando ya ziwa. Alikuja mchana kweupe. Aliingia, akavuta pumzi, akasimama.

"Ni la maji," alisema. "Na limeshiba. Mlilipatia nini?"

Kiarie alimwonyesha kompyuta. Alidhani mzee angesema ichomwe. Hiram alikataa.

"Hicho chombo hakina makosa. Halikuingia kwa chombo, liliingia kwa jina. Ukichoma, litabaki na jina na nyinyi mtabaki bila. Aliyeandika ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi si wewe utatoa. Mwenye jina atatoa kwa mkono wake. Na likishatoka, paachwe patupu. Msikie vizuri: mtu yeyote hapa ndani asitaje jina la mtu mwingine. Lolote."

Mugure aliketi mbele ya kompyuta. Kiarie alimwonyesha kwa kidole namna ya kuchagua nyimbo zote pamoja, namna ya kufungua maelezo, na ile nafasi ya mwimbaji. Hiram alianza kupiga ngoma polepole. Mugure alifuta herufi moja moja. Kompyuta ikauliza kama kweli anataka kubadilisha maelezo ya nyimbo zote. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kukubali wakati sauti ilipotoka. Ilitoka kwenye kompyuta, na kwenye simu, na kwenye redio ya jikoni ambayo haikuwa na betri, sauti ya Mugure yenyewe, ile ya kwaya, ile aliyoisikia Kiarie mara ya kwanza akiwa kijana na akasema huyu ndiye.

"Baba Kui," ilisema, ikilia. "Usiwache anifute. Ni mimi. Hicho kimekaa hapo si mimi. Si unaona hata hakiwezi kuongea? Mimi ndiye nilikushika mkono siku tulizika mtoto wetu wa kwanza. Nilikuambia nini kwa kaburi? Nilikuambia tutabaki wawili lakini tutabaki. Hicho kiulize. Kiulize kama kinajua."

Na Kiarie, ambaye hakuwahi kumwambia mtu yeyote maneno yale ya makaburini, alijikuta ameushika mkono wa mwanamke aliyeketi, ameushika kwa nguvu ili asibonyeze, na ngoma ya Hiram ikawa mbali, na harufu ya matope ikapanda hadi ikamziba pua, na maji yakaanza kupita chini ya mlango wa jikoni ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi, yakamfikia kwenye vidole vya miguu, baridi, na yeye akasimama hapo kati ya sauti aliyoipenda na mtu asiyeweza kujitetea hata kwa neno moja, asijue, kwa muda ambao baadaye hakuweza kuusema bila kuinamisha kichwa, ni yupi kati yao aliyekuwa mkewe.

Mugure hakuvuta mkono. Alimtazama tu. Machozi yalimshuka, yakadondoka juu ya mkono wa Kiarie, na yalikuwa ya moto.

Akamwachilia. Mugure akabonyeza.

Kilio kilichotoka hakikuwa cha mtu. Kilizunguka nyumba nzima, kikaingia kwenye sufuria na vioo, kisha kikashuka, kikawa kama cha mtoto.

"Nipeni basi lingine," kiliomba. "Lolote. Hata la mbwa. Nitakaa kimya. Nipeni lolote."

"Nyamazeni!" Hiram alisema, ngoma ikikimbia. "Nyamazeni!"

Walinyamaza. Kiliomba mpaka kikachoka, na maji yakarudi yalikotoka. Mugure akakohoa, akakohoa tena, akatema kwenye kiganja uzi mrefu wa kijani wa magugu ya ziwa. Kisha, kwa sauti ya kukwaruza lakini yake mwenyewe, akasema, "Funga hiyo kitu."

Walihama mwezi huo huo, wakapanga nyumba Longonot, kwenye vumbi, mbali na ziwa, ambako maji huletwa kwa lori na kumwagwa kwenye tangi uani. Kiarie hakuiandika tena lebo ya wimbo wowote.

Kui alijifungua salama. Siku alipomleta mtoto, wanawake wa kanisa walijaa uani na khanga na unga wa uji. Akatoka nje amemkumbatia mwanawe, uso umefurahi, lakini kabla hajasema neno Mugure alimshika bega.

"Hataitwa mimi," alisema.

Wanawake walitazamana. "Mum, tuliongea," Kui akanong'ona. "Ni wako. Ni haki yako."

"Najua. Nimekataa. Mpatieni Abby, ni jina zuri." Alijaribu kutabasamu. Alijua anachofanya. Jina la cucu wake, lililopita kutoka kwa mwanamke hadi kwa mwanamke hata likamfikia, alikuwa akilikata hapo, mbele ya watu, kwa mkono wake. "Langu lina mtu analingoja."

Kiarie, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangalia chini. Kui aliwatazama wote wawili, akaelewa kiasi, akakubali kwa kichwa.

"Ni Abby," akasema kwa wageni.

Wanawake wakafurahi hata hivyo, kwa maana mtoto ni mtoto. Wakapiga ngemi, vigelegele vya kumpokea mtoto, mara tatu, kama ilivyo desturi kwa msichana. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Wakati wakipumua, wakicheka, ngemi ya nne ikasikika, ndefu na tamu, ikivuma ndani ya tangi la maji.