Nyumba ya Tisa

Kila asubuhi Naima alipita njia ile ile kwenda shule. Alitoka kwao, akapita mbele ya karakana za Kizota ambako mafundi walikuwa tayari wanachomelea mageti, kisha akakata kulia kwenye mtaa wenye nyumba zilizojengwa juzijuzi. Miaka michache iliyopita hapo palikuwa na mashamba ya mtama na uwele. Sasa palikuwa na watu kutoka kila pembe ya nchi, na wengi wao hawakujuana hata majina.

Jambo hilo ndilo Mwalimu Yotham alilotaka wanafunzi wake wa Darasa la Sita walichunguze. "Tunaishi na watu tusiowajua," aliwaambia. "Kila mmoja wenu atakwenda nyumba kumi. Uliza wanaishi wangapi, maji wanapata wapi, na kama wana tangi la kuhifadhia. Nakala moja nitampa mwenyekiti wa mtaa, kwa hiyo andika ulichokiona na ulichoambiwa."

Naima alikuwa hodari darasani, tena alijijua kuwa ni hodari, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Alitaka kuwa wa kwanza kumaliza. Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa ameshamaliza nyumba nane. Ya tisa ilikuwa na ukuta mrefu na geti jeusi linalong'aa. Alipiga hodi mara moja, akahesabu kimoyomoyo hadi tano. Kimya.

"Piga tena," alisema rafiki yake Jenifa, aliyekuwa akimsubiri ng'ambo ya barabara. "Hodi ni tatu."

"Hawapo. Na kwa ukuta wote huu, unafikiri watakosa bomba?"

Naima aliegemeza daftari kwenye geti akaandika: watu watano, bomba lipo, tangi lipo. Jumatatu mwalimu alimsifu mbele ya darasa kwa kuwahi kumaliza, naye akazipokea sifa hizo bila haya.

Wiki mbili baadaye bomba kubwa lilipasuka, maji yakakatika mtaa mzima. Mwenyekiti, Mzee Kefa, aliomba boza la maji. Maji ya boza yasingewatosha wote, kwa hiyo akachukua orodha ya nyumba waliyoiandika wanafunzi. Wenye matangi wangetumia akiba yao, na wasio na matangi wangepewa madumu matatu kila nyumba. Watu waliona ni haki.

Siku ya tatu, akienda shule, Naima alikuta geti jeusi limefunguliwa kidogo. Bibi mmoja alikuwa ameketi chini, ameegemea nguzo ya geti, mkongojo pembeni na jagi tupu mapajani. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una maji kidogo ya kunywa?"

Naima alimpa chupa yake ya shule. Bibi alikunywa yote bila kupumzika. Alisema anaitwa Kuluthumu, mtu wa Kondoa. Mwanawe alikuwa Gulwe kwenye kazi za ujenzi wa reli. Alikuwa amejenga ukuta na geti kwanza ili mama yake awe salama, na bomba lingefuata baadaye. Siku zote bibi alinunua maji kwa kijana wa mkokoteni, ambaye hakuonekana tena tangu maji yakatike.

"Juzi nilisikia boza linapita," alisema bibi. "Nikadhani litasimama."

Naima alijua kwa nini halikusimama. Aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakapata moto. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri. Angeweza kumletea bibi dumu moja kila siku kutoka kwao, na hakuna ambaye angejua. Lakini boza lingepita tena mchana ule, na tena kesho, na orodha ingeendelea kusema uongo. Akakimbia hadi shuleni, akaingia ofisi ya walimu kabla ya kengele.

"Shikamoo, mwalimu. Nyumba ya tisa sikuingia. Niliyoyaandika niliyatunga."

Mwalimu Yotham aliweka kalamu mezani. "Kuna nani mle ndani?"

"Bibi mmoja, yuko peke yake. Ana siku tatu hana maji."

Mwalimu hakugomba. Alimpigia simu Mzee Kefa palepale, kisha akaongozana na Naima hadi kwa bibi. Kabla ya saa sita boza lilisimama mbele ya geti jeusi, na Mzee Kefa mwenyewe akabeba madumu hadi ndani. Mama wa nyumba ya nane, aliyekuwa ameishi ukuta kwa ukuta na bibi huyo mwaka mzima, alisimama akishangaa.

"Mimi nilijua humu anakaa bosi," alisema. Akarudi kwake kupika uji.

Mwalimu alimwita Naima kando. "Mjini ukuta unatudanganya," alisema. "Tunaona geti, tunadhani tumemwona mtu. Lakini kosa lako si kudhani, maana sote tunadhani. Kosa lako ni kuandika ulichodhani kana kwamba umekiona. Watu wazima waliiamini kalamu yako, na mtu akakosa maji. Sasa chukua daftari ukamalize kazi yako."

Naima alitoka nje ya geti, akalirudisha. Akapiga hodi. Akangoja, akapiga ya pili. Alipokuwa anajiandaa kupiga ya tatu, alisikia mkongojo ukigonga sakafu polepole, kisha sauti: "Karibu."

"Hata siku ile ya hodi moja nilikusikia," bibi alisema alipofika. "Nilikuwa nakuja. Mguu wangu tu hauna haraka."

Naima aliinamisha kichwa. Kisha akafungua daftari.

"Bibi, mnaishi wangapi humu?"

"Mmoja, mjukuu wangu."

Naima akafuta tano, akaandika moja.